Kigari cha kijani cha mtaani Birmingham: je, ni Cooper S ya 1964?

Swali: Shikamoo mzee. Ninaishi Birmingham, Uingereza, na kila asubuhi nikienda kazini ninapita mbele ya kigari cha zamani kilichoegeshwa mtaani kwetu. Ni cha kijani kilichokolea, paa lake ni jeupe, kimeshushwa hadi karibu kugusa lami, madigadi yametanuliwa na rimu zake zina mikono minane. Kibao chake cha namba ni cheusi, namba inaishia na herufi B, na kwenye buti kuna beji ya Morris Cooper S. Jirani yangu ameapa kwamba ni Mini Cooper S, ile Mini ya mashindano, ya mwaka 1964. Mimi nina shaka, kwa sababu marehemu babu alikuwa na Mini kule Tanga na milango yake haikuwa hivi. Tumewekeana sahani ya biriani. Ninakuletea picha nne nilizopiga nikiwa njiani. Hili ni gari gani hasa, na mbona pembeni linaonekana "limeteleza"?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Picha nne ulizonitumia zinatosha kwa sehemu kubwa ya jibu, na sehemu iliyobaki utaipata mwenyewe kwa kusimama dakika tano kando ya njia bila kuligusa gari la watu. Naomba nianze na jambo ambalo mafundi wa bodi hulijua na wapita njia hulisahau. Mtu anayelirekebisha gari la kale kwa ladha yake huanza na vile vinavyofunguka kwa spana, yaani beji, grili, rimu, taa, viti na usukani. Kisha hupaka rangi. Na mwisho kabisa, ikiwa fedha na uvumilivu vimebaki, hugusa vile vinavyodai kukata bati na kuchomelea. Kwa hiyo anayetaka kulitambua gari hana budi kulisoma kinyumenyume, aanze na bati na mifupa, na beji aiache mwisho. Jirani yako ameanza na beji.

Kwanza tuondoe shaka kwamba ni Mini. Watu huichanganya na Fiat 500 ya Italia iliyotoka 1957, na wakati mwingine na Hillman Imp iliyoanza kuundwa 1963 huko Linwood, Scotland, lakini hizo mbili zina injini nyuma na uso wa mbele usio na grili ya kupitisha hewa. Kigari chako kina grili, boneti fupi, magurudumu yaliyosukumwa hadi kwenye pembe nne, na urefu ambao kwa picha yako ya kwanza, ukilinganisha na gari la nyuma yake, unakaribia meta 3.05 za Mini ya asili. MINI mpya inayoundwa chini ya BMW tangu 2001 ni kubwa mno, na ukiziegesha pamoja ile ya zamani huonekana kama mtoto wake. Hii ni Mini ya ukoo wa Alec Issigonis, mhandisi aliyeibuni, ile iliyozinduliwa Agosti 1959 na ambayo ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha Longbridge tarehe 4 Oktoba 2000, kiwanda ambacho kilikuwa hapo hapo mjini kwenu. Miaka 41 ya gari moja lenye umbo karibu lile lile: hapo ndipo ugumu wote ulipo, na ndipo warembeshaji wanapopata uhuru, kwa kuwa spea nyingi za 1998 zinaingia kwenye gari la 1962 na za 1962 zinaingia kwenye la 1998.

Sasa tuangalie ushahidi wa jirani. Herufi B mwishoni mwa namba ya Uingereza kweli ni ya mwaka 1964, kwa maana mtindo wa kuweka herufi ya mwaka ulianza 1963 kwa A, na kila herufi za mwanzo zikachukua mwaka wake. Lakini sheria ya huko inaruhusu namba kununuliwa na kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine, kwa sharti moja kubwa: namba isilifanye gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Kulifanya lionekane zee si kosa. Kwa hiyo Mini ya 1995 inaweza kuvaa namba ya 1964 kihalali kabisa, ilhali ya 1964 haiwezi kuvaa ya 1995. Herufi B basi haituambii gari liliundwa lini. Inatuambia tu kwamba halikuundwa kabla ya hapo, au kwamba ni la mwaka huo huo.

Kibao cheusi chenye herufi za fedha ni ushahidi wenye uzito kidogo zaidi, kwa kuwa kinaruhusiwa kwa magari yaliyoundwa kabla ya Januari 1980 na kusajiliwa katika daraja la magari ya kihistoria. Hata hivyo kibao ni kipande cha bati au plastiki kinachoagizwa dukani, na si kila mwenye gari husoma sheria kabla ya kuagiza. Nimeviona vibao vyeusi kwenye magari ambayo mimi mwenyewe niliyahudumia yakiwa mapya.

Beji sitaipotezea muda. Inanunuliwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Lakini inafaa kueleza kwa nini beji hiyo, na kwa nini mwaka huo. Mnamo Januari 1964 Paddy Hopkirk alishinda mashindano ya Monte Carlo akiendesha Mini Cooper S ya sentimeta za ujazo 1071, gari jekundu lenye paa jeupe, dhidi ya magari yenye injini kubwa mara nyingi ya lake. Timo Mäkinen akashinda tena 1965 na Rauno Aaltonen 1967; katikati, mwaka 1966, Mini zilizomaliza mbele ziliondolewa kwa sababu ya taa zake. Tangu hapo kila mwenye Mini, hata iwe ile ya injini ndogo kabisa ya 848 iliyokuwa ikibebea vitabu vya mwalimu, hutamani iwe Cooper S, na ikiwezekana iwe ya mwaka ule. Ndiyo maana paa jeupe halina uzito kama ushahidi. Rangi ya kijani kilichokolea inanisogeza hata upande wa pili: kijani kilichopendwa kwa Mini za miaka ya 1960 kilikuwa kile cha kuchujuka, kinachoelekea majivu kidogo, na kijani kizito cha magari ya mashindano ya Uingereza ndicho kilichopakwa Mini nyingi Cooper iliporudishwa sokoni mwaka 1990. Rangi hupakwa upya, kwa hiyo hili nalitaja tu na kupita.

Tufike kwenye milango, na hapa wewe umeona vizuri kuliko jirani yako. Kwenye Mini ya babu yako kulikuwa na bawaba mbili zilizotokeza nje, kati ya mlango na digadi la mbele, unaweza kuzishika kwa vidole. Vioo havikushuka, vilikuwa vipande viwili vinavyosukumwa mbele na nyuma kwenye mfereji, na mfereji huo ulishika maji na baada ya miaka michache ukaota ukungu wa kijani. Kwa ndani hapakuwa na kitasa cha kufungulia bali kamba uliyoivuta, na mahali ambapo magari mengine yana mashine ya kushushia kioo palikuwa na mfuko mpana wa kuwekea vitu. Hivyo ndivyo Mini za aina ya kwanza, za 1959 hadi 1967, zilivyokuwa, na aina ya pili iliyofuata iliendelea na bawaba hizo hizo. Ni mwishoni mwa 1969, ilipokuja aina ya tatu, ndipo bawaba zilipofichwa ndani na vioo vikawa vya kipande kimoja, vya kushusha kwa mkono.

Itazame picha yako ya pili. Kati ya mlango na digadi pako laini, hakuna bawaba, na kioo cha dereva kimeshuka nusu. Mlango huu ni wa baada ya 1969. Nitaje mapema mambo mawili ambayo jirani anaweza kuyaleta kama pingamizi. La kwanza ni kwamba Mini zilizoundwa Australia zilipata vioo vya kushusha tangu 1965, lakini bawaba zake zilibaki nje, kwa hiyo haziwezi kuzaa mlango wa namna hii. La pili ni kwamba magari ya mizigo ya ukoo huu, yaani kivani na pikapu, yalibaki na bawaba za nje na vioo vya kusukuma hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hilo linamsaidia mtu kutodhani kila bawaba ya nje ni ya kale sana, ila halimsaidii jirani yako hata kidogo, kwa kuwa yeye anahitaji kueleza bawaba isiyokuwapo.

Je, mwenye gari hawezi kuwa ameibadilisha milango? Anaweza, lakini fikiria anachopaswa kufanya. Bawaba za ndani zinashikwa na nguzo ya mlango ambayo si sawa na ile ya zamani, na bati la pembeni kati ya mlango na digadi nalo ni tofauti, kwa hiyo ni kazi ya kukata pande zote mbili za gari. Tena afanye hivyo kwenye Cooper S halisi ya 1964, gari ambalo thamani yake imekaa katika vitu hivyo hivyo anavyovitupa? Zamani, Mini za miaka ya 1960 zilipokuwa vyuma chakavu tu, wapo waliohamisha injini na namba ya gari lililooza kuziweka kwenye bodi mpya yenye milango ya kisasa. Hilo lilitokea, na nitalirudia chini kwa sababu linabadilisha maana ya jibu. Lakini bodi yenyewe, hiyo unayoipita kila asubuhi, haikuundwa 1964.

Nyuma ya gari panathibitisha. Kioo cha nyuma cha aina ya kwanza ni kidogo, kimezungukwa na bati pana pande zote, kama dirisha la nyumba ya udongo. Kuanzia Oktoba 1967 kilipanuliwa. Katika picha yako ya tatu kioo kimefika karibu na nguzo za pembeni. Wakati huo huo, taa za nyuma ni zile ndogo za mviringo za aina ya kwanza. Vitu hivi viwili havikukutana kiwandani, kwa kuwa kioo kilipopanuliwa taa nazo zilikuzwa na kuwa za pembe nne, na zile za kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1970 zikaongezewa taa ya kurudi nyuma. Maana yake ni kwamba mtu ameziba matundu ya taa kubwa akatoboa ya taa ndogo. Kama unataka kuliona hilo kwa macho yako, simama nyuma ya gari asubuhi jua likiwa chini, chuchumaa hadi macho yako yawe usawa wa taa, halafu fuata mstari wa nguzo ya umeme unavyojiakisi kwenye rangi. Bati la kiwandani huurudisha mstari ulionyooka au uliopinda kwa utaratibu. Pale palipojazwa puti na kusuguliwa kwa mkono, mstari hutetemeka kama kivuli kwenye maji. Nimewafundisha vijana wengi kuipima kazi ya bodi kwa njia hii kabla sijawakabidhi nyundo.

Umeniuliza pia, kwa maneno machache, kwa nini gari linaonekana "limeteleza" pembeni. Hiyo ni kwa sababu limenyang'anywa mishono yake. Mini iliundwa kwa namna ya ajabu: ili kazi iwe rahisi na ya bei nafuu, mabati yaliunganishwa kingo zikitazama nje, kisha yakachomelewa, na kingo hizo zikaachwa zikionekana kama mshono wa gunia, moja ikishuka kutoka chini ya kioo cha mbele na nyingine kwenye pembe ya nyuma. Mtu anayeondoa mishono hukata kingo hizo, huchomelea mwanya uliobaki kidogo kidogo ili bati lisijikunje kwa joto, kisha husaga na kulainisha. Ikifanywa na fundi mwenye subira, gari hupendeza kama kokoto ya mtoni. Ikifanywa na mwenye haraka, mwanya huzibwa kwa puti tu na baada ya majira mawili ya baridi ufa huanza kuchungulia. Binafsi siipendi kazi hii, kwa kuwa mishono hiyo ndiyo sahihi ya gari na tena ndiyo iliyoyashika mabati. Lakini nikiwa kijana Mombasa nilichimba kutu nyingi ndani ya mishono hiyo, iliyokuwa ikinywa chumvi ya bahari mchana na usiku, na siwezi kumlaumu aliyechoka nayo. Kwa utambuzi wetu, kukosekana kwa mishono hakutupi mwaka. Kunatuambia tu kwamba gari hili lilivuliwa hadi bati tupu, kwa hiyo chochote unachokiona juu yake kimewekwa kwa makusudi.

Kwenye magurudumu umefanya jambo la maana sana kupiga picha ya tairi kwa karibu, maana maandishi ya ubavuni yanasomeka: 165/60 R12. Namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mini zilizaliwa na rimu za inchi 10, na Cooper S ya 1964 ilikuwa nazo, za chuma zenye matundu ya kupoza breki. Inchi 12 zikawa za kawaida mwaka 1984 pamoja na breki za diski kubwa zaidi za mbele; Mini 1275 GT ilizipata mapema zaidi, lakini hiyo ina pua ya mraba na haihusiki hapa. Inchi 13 zilikuja katika miaka ya mwisho, kwa walioagiza vifaa vya michezo. Rimu ni kitu cha nati nne tu na umbali wa matundu ya nati haukubadilika miaka yote, kwa hiyo ushahidi huu peke yake ni dhaifu. Uzito wake unatokana na breki: mwenye gari la kale anayetaka sura ya 1964 hubaki na inchi 10, kwa sababu ndizo zinazoleta ile sura ya kigari kilichokaa juu ya biskuti. Aliyebaki na inchi 12 mara nyingi amelazimishwa na diski ambazo haziingii ndani ya rimu ndogo.

Sasa tuingie kwenye grili, na hapa ndipo picha yako ya nne ilipoamua kesi. Grili yenyewe ina pembe za mviringo na ukingo uliojikunja kama masharubu, mtindo wa aina ya kwanza kabisa, nayo imefungwa kwa skrubu juu ya uso wa bati ambao umetengenezewa kuipokea. Usiitazame hiyo, tazama kilicho nyuma yake. Unaona mapezi membamba ya radieta yakikutazama moja kwa moja.

Katika Mini ya kawaida hupaswi kuyaona. Issigonis aliilaza injini kwa upana wa gari ili kuokoa nafasi, akaiweka radieta ubavuni mwa injini, upande wa kushoto, feni ikipuliza hewa kuitoa kupitia upande wa tairi. Ukichungulia kwenye grili ya Mini ya miaka ya 1960, 70 au 80 unakutana na disitributa, kile kinachogawa umeme kwenye plagi, na nyaya za plagi zikiwa wazi mbele ya upepo na mvua. Ndiyo sababu gari hilo lilizimika ovyo kwenye madimbwi, na ndiyo sababu wenye akili waliivika disitributa glavu ya jikoni ya mpira, wakakata ncha za vidole na kupitisha kila waya katika kidole chake. Nimeiona glavu hiyo Mombasa, na nimeiona tena Uingereza, na hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Radieta ilihamishiwa mbele na kiwanda chenyewe mwishoni mwa 1996 tu, injini ilipopewa mfumo wa kupuliza petroli kwa nozeli mbili na disitributa ikaondolewa kabisa. Mini hizo za mwisho, za 1996 hadi 2000, zilipata pia mfuko wa hewa wa usalama katika usukani wa dereva. Kwa hiyo radieta ya mbele ina maelezo matatu: ama gari ni la kundi hilo la mwisho, ama mtu ameihamisha radieta ya gari la miaka ya nyuma kidogo kwa kuwa injini yake imeongezewa nguvu na inachemka, ama injini ya asili imetolewa na kuwekwa nyingine, mara nyingi ya Honda, ambayo haiachi nafasi ya radieta ubavuni.

Maelezo hayo matatu yanaweza kutenganishwa kwa sikio, kwa hiyo siku moja wahi kidogo umkute mwenye gari akiondoka. Injini ya asili ya Mini ina gia boksi ndani ya sampu, yaani karai la oili chini ya injini, vyote vikioga katika oili moja, na nguvu hushuka kutoka injini hadi gia kupitia magurudumu matatu ya meno yaliyofuatana. Meno hayo huimba. Gari likianza kwenda katika gia ya kwanza utasikia mluzi unaopanda pamoja na mwendo, juu ya mlio mzito wa ekzosi. Hakuna injini ya Honda yenye mluzi ule. Yenyewe huanza kwa upole kama cherehani na hupiga kelele ikikimbizwa tu. Nyongeza ndogo: bomba la ekzosi la gari lako limetokea katikati ya bampa, ilhali la kawaida hutokea upande wa kushoto, kwa hiyo mlio wa ekzosi usikushangaze, hilo nalo limebadilishwa.

Ukipita, tupa jicho ndani bila kuegemea kioo. Mini ya 1964 ina dashibodi ambayo ni rafu tupu, na katikati yake chombo kimoja cha mviringo, au kwa Cooper chombo kikubwa chenye vidogo viwili pembeni. Ukikuta vyombo mbele ya dereva, bodi ni ya baadaye. Ukikuta kitovu cha usukani kimenenepa kwa mfuko wa hewa, umefika 1996. Warembeshaji wengi hubadilisha usukani kwanza, kwa hiyo kitovu chembamba hakithibitishi lolote.

Kwa picha pekee, hukumu yangu ni hii: mbele yako kuna bodi ya Mini iliyoundwa baada ya 1969, na kwa wingi wa dalili, radieta na rimu na kijani kile, ni ya miaka ya 1990, iliyovuliwa mishono, ikatanuliwa madigadi, ikavishwa uso na taa za babu yake. Vyaelea, vimeundwa; na hiki kimeundwa na mtu anayejua kazi, maana kubadilisha taa za nyuma bila kuacha kovu linaloonekana barabarani si kazi ya wikendi moja.

Kuthibitisha hakuhitaji hata kubisha mlango. Idara ya usajili wa magari ya Uingereza ina ukurasa wa bure ambapo unaandika namba ya gari na kupata jina la mtengenezaji, mwaka, ujazo wa injini na rangi. Watu wengi hukimbilia ujazo wa injini, nao ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu 1275 iliwekwa katika Cooper S ya 1964 na pia katika Mini za miaka ya 1990. Wewe soma jina la mtengenezaji. Likiwa Rover, kesi imekwisha: ni gari la miaka ya mwisho na namba imehamishiwa juu yake, jambo lililo halali. Likiwa Morris na mwaka 1964, basi lile nililolitaja kuhusu kuhamisha bodi ndilo lililotokea, yaani utambulisho wa gari la 1964 umepandikizwa kwenye bodi nyingine. Kwa miaka mingi idara hiyo ilitumia hesabu ya alama: bodi alama 5, usukani, gia boksi, ekseli na sespensheni alama 2 kila kimoja, injini alama 1, na gari lilihitaji alama 8 pamoja na bodi yake ya asili au mpya isiyorekebishwa ili libaki na namba yake. Bodi mpya za Mini zimekuwa zikipigwa huko Witney kwa mitambo ya asili, kwa hiyo kubadilisha bodi si lazima kuwe ni ujanja. Lakini bodi kuukuu ya gari jingine ni habari nyingine, na swali hilo ni la mwenye gari, si la mpita njia.

Ukija kuzoeana naye na akakufungulia boneti, tafuta kibao cha namba ya chesisi. Cooper na Cooper S zenye jina la Morris za wakati ule zilianza na K/A2S4, na za Austin, jina la pili ambalo Mini iliuzwa nalo, C/A2S7. Morris Mini ya kawaida ilianza na M badala ya K. Kisha hesabu vifungo (stadi na boliti) vinavyoshikilia silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini: Cooper S ina 11, injini nyingine za ukoo huu kwa kawaida zina 9. Kwa magari mengi ya Austin na Morris, jumba la makumbusho la magari lililopo Gaydon, si mbali na kwenu, hutoa hati inayonukuu daftari la kiwanda, siku gari lilipoundwa na rangi yake ya kwanza. Muulize kama anayo. Usimwambie gari lake ni la bandia. Huenda hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba ni Cooper S, na beji aliiweka kwa kuwa inapendeza.

Kuhusu biriani, jirani amesema mambo matatu: kwamba ni Mini, kwamba ni Cooper S, na kwamba ni ya 1964. La kwanza amepata. La tatu, kwa bodi mliyoitazama, amekosa, hata kama karatasi zitasoma Morris. La pili linasubiri vile vifungo 11 vya silinda hedi. Sahani ni yako, lakini ningekuwa wewe ningemwalika na mwenye gari.